Tundu Nyuma ya Sanduku la Bati

Kila chumba ninachopanga, kabla sijauliza maji yanatoka saa ngapi au choo kiko upande gani, nagonga ukuta. Nagonga kwa kifundo cha kidole cha kati, naanzia usawa wa kifua nikishuka chini, na nasikiliza. Wenye nyumba huniangalia kwa mashaka. Mmoja wa Uvira aliniuliza kama natafuta dhahabu. Nimelala Uvira, Rumonge, Kigoma, Bukavu, na katika miji mingine ambayo sikukaa muda wa kutosha kuwajua majirani, na kila mahali nilijua kwanza ni sehemu gani ya ukuta iliyo hai na ni ipi iliyokufa. Godoro langu nalilaza kwenye iliyo hai.

Tabia hii ina harufu yake. Ninyi mliokulia katika nyumba za udongo mnaijua: tone la kwanza la mvua linapogusa ukuta uliokauka miezi mitatu, harufu inayopanda puani na kuteremka moja kwa moja hadi kwenye mate. Wengi huipenda. Mimi pia huipenda, na papo hapo hutaka kukimbia nje.

Nyumba yetu ilikuwa Nyakabiga, mjini Bujumbura, vyumba viwili na sebule ndogo, ya matofali mabichi tunayoyaita rukarakara: udongo uliokanyagwa kwa miguu pamoja na majani, ukaanikwa juani bila kupita motoni. Baba aliipiga lipu ya saruji ndani na nje. Alikuwa fundi wa magari katika gereji moja ya Buyenzi, na alitaka mpita njia adhani nyumba yake ni ya matofali ya kuchoma. Lipu ilipokuwa bado mbichi alichora juu yake mistari iliyonyooka kwa msumari, kwenda na kukata, ili ionekane kama mawe yaliyopangwa. Nilijifunza kuhesabu kwenye mawe yale ya uongo.

Ukuta mmoja wa chumba cha wazazi ulipakana na kichochoro chembamba, na bati la jirani lilimwaga maji yake yote miguuni pa ukuta huo. Kila masika lipu ya pale ilivimba kama ngozi iliyoungua. Siku moja kipande cha ukubwa wa sahani kilibanduka upande wa ndani, chini, nyuma ya sanduku la bati la mama. Nyuma yake palikuwa na udongo wenyewe, wa kahawia, wenye ubaridi, ukiwa na nyuzi za majani ndani yake.

Niliuonja. Nilikuwa mtoto wa kuonja vitu. Nilishaonja sabuni, kutu ya geti, ncha ya betri, machozi ya mbuzi. Vyote nilionja mara moja nikaviacha. Udongo ule sikuuacha. Uliyeyuka taratibu juu ya ulimi, ukawa mzito kisha laini, na mwishoni ulibaki na chumvi kidogo. Nikitoka shuleni mchana, mama akiwa bombani na bibi akiwa kwenye mkeka wake, nilisogeza sanduku, nikachota kwa uma. Ulikuwa uma wa aluminiamu wa siku za Idi, uliobaki na meno matatu baada ya baba kujaribu kufungulia kizibo cha chupa. Nilikwangua, nikala, nikafagia vumbi kwa kiganja, nikarudisha sanduku. Uma niliusukuma ndani kabisa ya tundu, kwenye ufa usioonekana. Mama aliutafuta wiki nzima, mwisho akasema panya wa nyumba hii wamestaarabika.

Bibi, mama yake baba, hakuwa mtu wa kudanganywa kirahisi.

“We muke mwenzangu,” aliniita siku moja, kama bibi wanavyowaita wajukuu wao wa kike, “mbona mudomo iko na vumbi?”

“Nilianguka, bibi.”

“Ulianguka na mudomo?”

“Ndiyo.”

“Pole. Siku ingine anguka na matako, Mungu aliyaweka kwa kazi hiyo.”

Mama alicheka akiwa ameshika kiuno. Alikuwa mja mzito, tumbo likiwa limeanza kuivuta kanga mbele. Kabla ya huyo, baada yangu, walitangulia wawili ambao hawakufika kulia. Hakuna aliyeniambia. Nilijua kwa jinsi bibi alivyomwambia mama “kaa” kila alipomwona amesimama, na jinsi baba alivyozima redio kila mama alipoingia kulala. Na nilijua kwa masharti. Bibi alikuwa na masharti aliyoyarithi kwa mama yake: nyumba yenye mja mzito haipigiliwi msumari, haishonwi godoro, na zaidi ya yote, haizibwi tundu. Bati likivuja, weka beseni. Mlango wa panya uache wazi.

“Ukiziba tundu,” alisema, “unaziba mutoto.”

Kisha masika yalikuja kwa nguvu. Alasiri moja, nyumba ya nne kutoka kwetu, ukuta wa jikoni ulianguka mchana kweupe, watu wakiwa wanapika. Tulikimbia kwenda kuangalia. Mama mmoja alikuwa amefukiwa hadi kiunoni, ameketi kama mtu aliye kwenye beseni, mkononi bado ameshika mwiko wa ugali. Hakulia. Alituangalia sisi watoto mmoja mmoja kana kwamba anatafuta wake. Walipomtoa, miguu yake ilikuwa imegeukia upande usio wake. Mtu mmoja nyuma yangu alisema, “Udongo ulishaliwa kwa chini. Ukuta ukishaliwa kwa chini, basi.”

Alisema ukuta umeliwa.

Sikula tena siku hiyo, wala iliyofuata. Kichwani nilikuwa nimeliona jambo lote wazi: kitanda cha mama kilikuwa kando ya ukuta ule, kichwa chake hatua mbili kutoka sandukuni. Juu yake palikuwa na mawe ya baba, yote ya kuchorwa. Chini yake palikuwa na tundu langu. Ukuta ukianguka utamwangukia mama, na yule aliye ndani ya mama, na atakayekuwa amewaua ni mimi, kwa meno yangu.

Siku ya tatu nilikwenda kulitazama, nijue nimefanya kiasi gani. Nilisogeza sanduku nikapiga magoti. Tundu lilikuwa kubwa kuliko nilivyoliacha.

Nilijiambia nimesahau. Nikachukua uma, nikachora mstari kuzunguka ukingo wa tundu, meno matatu, alama tatu tatu. Kesho yake mchana mstari wa upande wa juu haukuwepo. Mahali ulipokuwa palikuwa pamekwanguliwa, na chini hapakuwa na vumbi hata chembe. Palikuwa pamefagiwa. Sanduku nalo, ambalo nililiacha limegusa ukuta, lilikuwa limesogea upana wa vidole viwili.

Kama ningekuta vumbi ningesema ni panya, au mvua. Lakini panya hafagii. Nilikaa pale kwa magoti, harufu ikinijaa puani, na nikaelewa, kwa akili ya miaka minane, kwamba nyumba ilikuwa imeonja mwili wake ikanogewa. Mimi ndiye niliyeifundisha. Sasa ilikuwa ikijila yenyewe, na ikijifagia mdomo kama nilivyojifagia mimi.

Kuanzia hapo niliogopa ukuta kama mnyama. Nilipita chumba kile nikiwa nimeupa mgongo mlango. Darasani niliona kuta nne kwa mara ya kwanza na kuhesabu ni ngapi zina nyufa. Mwalimu aliniuliza nyumba kwa Kirundi inaitwaje, nikamjibu kwamba inaanguka.

Ufa ulipotokea juu ya lipu, kutoka sandukuni hadi karibu na dari, baba alimwita fundi. Jina lake Merkiori, mtu mfupi, mwenye nyusi nyeupe za chokaa. Hakuleta vifaa vingi siku hiyo: mwiko wa fundi na kipande cha kaa la mkaa nyuma ya sikio. Aliugeuza mwiko, akashika upande wa bati na kugonga ukuta kwa mpini.

“Sikia,” aliniambia, kwa kuwa nilikuwa nimesimama mlangoni nimeshindwa kuondoka. “Hapa inajibu. Ko, ko. Hapa…” Akasogeza mkono. “Bu, bu. Hapa iko kimya. Hii imeshaachana na mwenzake.”

Kila mahali ukuta ulipokuwa kimya alipiga mstari wa mkaa. Mstari ulianza dirishani, ukashuka, ukapinda, ukarudi. Niliufuata kwa macho. Nilijua unakokwenda kabla yake. Ulipita juu ya kitanda, ukateremka, ukafika sandukuni, na Merkiori akaliondoa sanduku kwa mguu.

Uma haukuonekana. Ulikuwa umezama ndani ya tundu, gizani. Lakini tundu lilionekana, na wote wanne walikuwa wamesimama pale: fundi, baba, bibi, na mama aliyekuwa ameegemea fremu ya kitanda.

Merkiori alichuchumaa. Aliingiza vidole, akavitoa, akavitazama. “Hii mutu amechimba,” alisema.

Baba aligeuka taratibu. “Nani?”

Nilisikia mkojo ukinibana. Nilifungua mdomo, na sijui hadi leo kama ningesema.

“Ni mi,” mama alisema.

“We?”

“Ni mi, Baba. Nilivuta sanduku vibaya, ikakwaruza. Nikawa nasafisha.” Hakumwangalia mtu. Alikuwa akiuangalia ukuta.

Baba alimwangalia, akaangalia tumbo lake. Nami moyo wangu ulijaa kitu kilichochanganyika shukrani na hofu kuu. Mama anajua. Mama ameniona, siku fulani, kupitia mlango, na sasa amelichukua kosa langu juu yake, na tumbo lile, mbele ya bibi. Kwa miaka yote iliyofuata niliamini hivyo. Niliamini hatulizungumzi kwa sababu amenisamehe.

“Tundu si shida,” Merkiori alisema, akiinuka kwa kushika magoti na kuipiga kofi saruji ya baba. “Shida ni siman. Hii ukuta imevaa koti ya siman mbele na nyuma. Udongo ukilowa unatoka jasho, jasho haina pa kupita, inarudi ndani. Ndani imeshakuwa uji. Kinachosimama hapa ni koti peke yake, mwenye koti alishaondoka.”

“Niliweka siman ya kweli,” baba alisema.

“Ndiyo hiyo shida, muzee. Ungeweka ya uongo ingekuwa imeshaanguka, mukapona. Nipe siku tatu. Nabomoa, natia tofali mupya, napiga lipu ya udongo na chokaa, ukuta upumue.”

“Apana,” bibi alisema.

Alimnyooshea mama kidole. “Hapa hapazibwi kitu mupaka Zaina azae.”

“Bibi, ukuta haijui kungoja.”

“Itajua.”

“Mi muke wangu amezaa saba, na mi naziba tundu kila siku ya Mungu.”

“Ndiyo maana wote saba wako na sura yako.”

Merkiori alicheka, lakini macho yake hayakucheka. Alikwenda kichochoroni na kuuegemeza ukuta kwa miti mitatu ya mikaratusi, akawaambia wahamishe kitanda cha mama upesi, leo hii, kiende chumba cha bibi. Akaondoka.

Mama alikataa kuhama. Hilo ndilo lililoniogopesha kuliko miti, kuliko ufa. Mama, ambaye hakuwahi kumbishia bibi hata juu ya chumvi, alisema atalala palepale, hewa ya chumba cha bibi inamkaba. Baba akamsihi. Bibi akanuna. Mama akalala palepale, ndani ya duara la mkaa, kichwa hatua mbili kutoka kwenye tundu. Nilidhani ukuta unamwita. Na tundu, ambalo mimi sikuligusa tena, liliendelea kukua. Asubuhi lilikuwa ngumi moja, mchana ngumi na nusu.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo kwangu lilikuwa ukarabati wa kwanza maishani. Nilichota matope kwenye mfereji, nikayakanda na majani kama nilivyoona wafanya matofali wakifanya, nikayashindilia ndani ya tundu mpaka likajaa, nikalainisha kwa kiganja kilicholowa. Lilikaa vizuri. Nilijivuna kwa muda mfupi kama wa kupiga chafya. Kisha nilikumbuka sharti la bibi.

Nikilizibua ukuta utaanguka; nikiliacha mtoto atazibwa. Siku mbili baadaye, asubuhi baada ya mvua kubwa, mama alishikwa na uchungu.

Ulikuwa uchungu mrefu. Mama alitembea sebuleni akishika kuta, akisimama, akitembea. Baba alikwenda kutafuta gari la gereji. Saa zilipita. Bibi alimshika mama mgongo, akamshika tumbo, kisha akasimama katikati ya sebule akitazama huku na huku kama mtu aliyesikia jina lake.

“Kuna kitu kimefungwa humu,” alisema.

Akaanza kufungua. Alifungua milango na dirisha. Alifunua sufuria. Alifungua kufuli la kabati, akazibua chupa ya mafuta ya nazi, akafungua fundo la kanga yake na kunifungulia mimi nywele, msuko mmoja mmoja. “Fungua kila kitu, muke mwenzangu,” alininong’oneza. “Kila unachokijua.”

Nadhani hakumaanisha chochote. Lakini mimi nilijua kimoja.

Niliingia chumbani, nikatambaa chini ya kitanda, nifike nyuma ya sanduku bila kulisogeza, hadi kwenye tundu. Matope yangu yalikuwa yamekauka juu. Niliyachimba kwa kucha mpaka nikaugusa uma ndani yake, nikauvuta, nikachimba kwa uma. Mama alipiga ukelele sebuleni. Nikachimba zaidi. Ndani ya ukuta nilisikia kitu kikishuka, sauti nyembamba ya mchanga unaoteremka gizani, ukisimama na kuendelea. Kisha jino la uma lilipenya upande wa pili na nikaona mwanga wa kichochoro, kidogo, mweupe, kama jicho lililofumbuliwa mbele ya uso wangu.

Niliacha uma palepale nikatoka kinyumenyume. Baba alikuwa amefika. Walimpakia mama kiti cha mbele cha gari, bibi akanisukuma uani niliangalie jiko, akarudi kuchukua kanga safi ya kumpokelea mtoto sandukuni. Hakuipata mara moja. Nilimsikia akiguna, kisha akatoka nayo begani, akalifuata gari likiwa limeshawaka.

Nilibaki peke yangu uani. Moto ulikuwa haujafika hata nusu ya kuni ukuta ulipoanguka.

Haukupiga kishindo kama nilivyotarajia. Udongo uliketi chini, kama mtu aliyechoka kusimama. Lipu ndiyo iliyopiga kelele: ilibaki imesimama peke yake kwa muda, nyembamba, na mawe yake ya kuchorwa, kisha ikavunjika mapande na kulala juu ya kitanda cha mama. Vumbi lilinifikia uani. Lilikuwa na ladha ninayoijua.

Nilikimbia hadi barabarani, nikapiga magoti kwenye maji ya mvua, na hapo ndipo jirani aliponikuta, nikirudia kwamba nimeshazibua, nimeshazibua. Jioni hiyo mdogo wangu Idrisa alizaliwa, akilia vizuri.

Merkiori alirudi. Alikuta uma kwenye kifusi siku ya pili. Aliupangusa kwenye suruali, akahesabu meno yake, kisha akaangalia midomo yangu, kwa muda mrefu kidogo kuliko mtu anavyomwangalia mtoto. Nilisubiri amwite baba. Badala yake aliulaza uma juu ya safu ya matofali mapya, akauwekea udongo juu, akaendelea kupanga.

“Kila ukuta inameza kitu kimoja,” aliniambia. “Hii imeshakula, imeshiba. Kamata ndoo uende.”

Nilikwenda. Lipu mpya ilikuwa ya udongo na chokaa, haina mistari. Baba hakutaka tena kuichora.

Ajabu moja ilibaki nyumbani kwetu, na kwa kuwa mtoto huzoea chochote, niliizoea. Kitanda cha Idrisa kiliwekwa katikati ya chumba. Si kando ya ukuta wowote, katikati, kama meza ya karamu. Wageni walijikwaa. Baba aliposema kisogezwe, mama alikisogeza mchana na kukirudisha jioni. Alimfunga hirizi kiunoni mpaka alipoanza shule, naye alisoma mpaka mwisho, si kama mimi niliyeondoka kabla ya kufundishwa hesabu za sehemu. Mkeka wangu ulikuwa ukutani, mahali pa mikeka.

Mwaka huu nilipita Bujumbura, nikaenda Kanyosha, anakoishi Idrisa na mke wake, na mama akiwa kwao. Bibi na baba wameshatangulia. Mvua zilikuwa zimeharibu jiko la nyuma, ambalo Idrisa amelijenga kwa rukarakara, na fundi kijana alikuwa amebomoa sehemu mbaya asubuhi, akaenda kula. Mimi na mama tulikaa kwenye ngazi. Mapande ya ukuta yalikuwa kwenye karai kati yetu. Manyunyu yalianza. Harufu ikapanda.

Mama aliinama, akavunja kipande cha udongo cha ukubwa wa punje ya hindi, akakitia mdomoni. Alifanya hivyo akiwa anaangalia njia, kama mtu anavyochukua njugu. Alitafuna upande mmoja. Kisha akakumbuka kwamba nipo.

“Usinitazame hivyo,” alisema. “Ni tabia ya mimba. Ilinianza na mudogo wako, sikuiacha.”

Nilimuuliza alikuwa akila wapi. Nilijua jibu.

“Nyuma ya sanduku. Si nilimwambia baba yako? Nilimwambia ni mi.” Alimeza. “Lakini mi nilikuwa nakula kidogo. Asubuhi, ukienda shuleni. Kama hivi, kidogo tu.” Akanionyesha ncha ya kidole. Kisha akapunguza sauti, ingawa hapakuwa na mtu ila kuku. “Sijamwambia mutu. Ile tundu ilikuwa inakua yenyewe. Nafagia, narudi kesho, nakuta imekua. Kulikuwa na kitu inakula pamoja na mi. Niliona alama zake, tatu tatu, kama kucha za ndege. Nikajua inanifuata. Inamutaka mutoto. Siku moja nikakuta imeziba, yenyewe, na siku ya uchungu ikaangukia kitanda. Kitanda changu. Unaelewa? Iliniona nimetoka, ikakasirika.”

Alisema hayo kwa utulivu wa mtu anayeeleza njia ya sokoni, na mikono yake ilikuwa imeshika magoti yote mawili.

“Mama,” nilisema, “ni mimi.”

“Ni we nini?”

“Aliyekuwa akila. Mchana, nikitoka shuleni. Na kuziba ni mimi.”

Aliniangalia kwa huruma. “Apana. Usinidanganye ju nimezeeka.”

“Sikudanganyi.”

“We ulikuwa mutoto. Hukujua hata kupika chai.”

“Uma wa Idi, mama. Ule wenye meno matatu. Ulisema panya wamestaarabika.”

Manyunyu yalikuwa yakilia juu ya karai. Niliona neno lile likishuka ndani yake, likisimama na kuendelea. Midomo yake ilisogea kana kwamba anahesabu: moja, mbili, tatu. Nilitarajia acheke. Nilikuwa tayari kucheka naye, tumalize.

“Na siku ile,” alisema mwishoni, “siku imeanguka. Ulikuwa wapi?”

“Nilikuwa nimeshatoka.”

“Umetoka wapi?”

“Chini ya kitanda.”

Aliweka kiganja kinywani, chenye vumbi. Alikaa hivyo mpaka fundi kijana aliporudi na kutusalimu.

“Miaka yote ile,” alisema, na hakuwa akiniambia mimi, “nilimulaza Idrisa katikati. We nilikuacha ukutani.”

Kisha alisimama, akaingia ndani. Nilimfuata. Katika chumba cha mbele, mke wa Idrisa alikuwa amenitandikia godoro la mgeni, vizuri, na shuka jipya, limegusa ukuta. Mama aliinama na kushika pembe moja, akaanza kulivuta peke yake, akihema, kuelekea katikati ya sakafu. Nilishika pembe ya pili.